Mfuasi wa kweli wa Kristo anatambulikaje? Tujadili vipimo, tuache majina ya madhehebu

Mizani ya Neno (mleta uzi)

Shalom wapendwa.

Swali hili likiulizwa, majibu huishia palepale: "aliyeokoka", "aliyejazwa Roho", "wa kanisa letu". Naomba humu tulishike kwa namna nyingine, kwa sababu Agano Jipya lenyewe limetoa vipimo ambavyo mtu anaweza kukaa navyo chini akajikagua. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: mfuasi wa kweli ni yule ambaye utii wake unafika mahali panapomuuma, yaani kwenye deni lake, ulimi wake, adui yake, na yale anayofanya pasipo mtu kumwona.

Anzeni na Mathayo 7:21-23. Wanaokataliwa pale si wapagani. Wanamwita Yesu Bwana, wamefanya unabii, wametoa pepo, wametenda miujiza, na yote kwa jina lake. Yesu hakanushi kwamba mambo hayo yalitendeka. Anawaambia hakuwajua kamwe, na anawaita watenda maovu. Basi karama, hata ikiwa halisi, haimthibitishi mtu. Mistari inayofuata (24-27) inaleta wajenzi wawili. Wote wamesikia maneno yaleyale, na nyumba zote mbili zimepigwa na mvua ileile. Mmoja aliyafanya aliyoyasikia, mwingine hakuyafanya.

Halafu someni 1 Yohana yote, sura 5 tu, kwa kikao kimoja. Yohana anasema ameandika ili waaminio wajue kwamba wana uzima wa milele (5:13), na ndani yake anazungusha vipimo vitatu tena na tena. Cha kwanza ni kumkiri Yesu Kristo kwamba amekuja katika mwili (4:2). Cha pili, kuzishika amri zake (2:3-4). Cha tatu, kumpenda ndugu (3:14, 4:20). Pa kuangalia ni hapa: vitatu vinakwenda pamoja. Wapo wanaofundisha vizuri kuhusu Kristo na hawasalimiani na jirani wa benchi moja. Wapo wapole, wakarimu, ambao Kristo kwao ni mwalimu mwema tu. Wapo wanaoshika kila katazo na hawana huruma hata chembe. Yohana hakumwachia yeyote kati yao nafasi ya kuchagua kimoja.

Na huo upendo ameufafanua mwenyewe katika 3:17: mtu ana riziki ya dunia, anamwona ndugu yake ni mhitaji, anamzuilia huruma zake. Kipimo kiko mfukoni.

Karibuni. Naomba tuwe na maandiko, tupunguze shuhuda.

---

Katekista Mstaafu

Mada njema sana. Nitaleta upande wa kanisa la kale, maana wale watu iliwabidi wajibu swali hili huku serikali ikiwasubiri nje.

Mnamo mwaka 112, Pliny Mdogo, liwali wa Kirumi katika Bithinia na Ponto, alimwandikia Kaisari Trajan kuuliza awafanyeje Wakristo. Aliwawekea jaribio: waite miungu, watoe uvumba na divai mbele ya sanamu ya Kaisari, kisha wamlaani Kristo. Aliambiwa kwamba walio Wakristo kwelikweli hawawezi kulazimishwa kufanya lolote kati ya hayo. Akachunguza pia mikutano yao. Akakuta wanakutana siku maalumu kabla ya mapambazuko, wanamwimbia Kristo kama Mungu, na wanajifunga kwa kiapo. Kiapo cha nini? Kutoiba, kutonyang'anya, kutozini, kutovunja ahadi, na kutoikana amana wanapodaiwa kuirudisha.

Tazameni hilo la mwisho. Mtu amekuachia fedha umtunzie, akija unampa. Ibada ya alfajiri ya watu wanaowindwa ilikuwa na kipengele cha amana!

Didake, andiko la mwishoni mwa karne ya 1 au mwanzoni mwa ya 2, linafungua na njia mbili, ya uzima na ya mauti, na sehemu kubwa ya njia ya uzima ni mambo ya kutenda: usishuhudie uongo, usiwe na ndimi mbili, usimgeuzie mgongo mhitaji. Kisha linaweka mazoea: kufunga Jumatano na Ijumaa, na kusali Sala ya Bwana mara 3 kwa siku.

Mapokeo ya Kitume, andiko la taratibu za kanisa ambalo kwa desturi huhusishwa na Hippolytus wa Roma, karne ya 3, yanaagiza mtu afundishwe miaka 3 kabla ya ubatizo. Ila yanaongeza kwamba mwenye bidii asihukumiwe kwa muda, ahukumiwe kwa mwenendo. Siku ya kuchaguliwa wanaobatizwa, waliomleta waliulizwa: je, amewaheshimu wajane? Amewatembelea wagonjwa? Ametenda kila tendo jema? Wakithibitisha, ndipo alipokubaliwa kusikia Injili.

Leo mahali pengi swali kuu ni kama mtahiniwa amekariri majibu na kama michango iko sawa. Hapo tumepoteza kitu.

---

Neema Pekee

Naheshimu michango iliyotangulia, lakini ninaona hatari. Mkiendelea hivi mtamwambia mtu aokolewe kwa orodha ya matendo. Mwizi msalabani (Luka 23:39-43) hakubatizwa, hakurudisha alichoiba, hakumtembelea mgonjwa yeyote, na Yesu alimwambia leo hii utakuwa pamoja nami peponi. Waefeso 2:8-9 iko wazi: kwa neema, kwa njia ya imani, wala si kwa matendo, mtu asije akajisifu. Mfuasi wa kweli ni anayeegemea kazi iliyomalizika ya Kristo. Mengine ni matokeo.

---

Mizani ya Neno

Neema Pekee, tuko pamoja kwenye shina. Ila endelea hadi mstari wa 10: tuliumbwa katika Kristo Yesu tutende matendo mema, ambayo Mungu aliyatengeneza tangu awali ili tuenende nayo. Matendo yametolewa mlangoni kama ada ya kuingilia, yakarudishwa ndani kama kazi ya nyumba.

Paulo na Yakobo hawagombani. Wote wanamchukua Ibrahimu, kila mmoja kwa ukurasa wake. Paulo (Warumi 4) anashika Mwanzo 15, Ibrahimu akihesabiwa haki kabla ya kutahiriwa, kwa sababu anajibu swali la jinsi mtu anavyokubaliwa na Mungu. Yakobo (2:14-26) anafika mpaka Mwanzo 22, Isaka juu ya madhabahu, kwa sababu anamjibu mtu "akisema" kwamba ana imani. Soma Yakobo 2:14 polepole utaona kwamba anachokikagua ni dai la mdomoni.

Na yule mwizi, mtazame tena. Alimkemea mwenzake, akakiri kwamba adhabu ni halali yao, akamtetea asiye na hatia mbele ya umati uliokuwa ukidhihaki, akaomba akumbukwe na mfalme aliyekuwa anakata roho. Kwa mtu aliyebakiwa na ulimi tu, alitii kwa kila kilichobaki.

Anayesema "nilisali sala ya toba, basi" na miaka inapita hakuna kinachosogea, simwambii hajaokoka. Siwezi kujua. Namwambia afanye analoagiza 2 Wakorintho 13:5: ajijaribu mwenyewe.

---

Shemasi wa Hesabu

Nitajikita kwenye fedha, kwa sababu hapo ndipo toba nyingi hukwama.

Yohana Mbatizaji aliulizwa "tufanye nini?" na makundi matatu (Luka 3:10-14), na kila kundi likapewa jibu lake. Mwenye kanzu mbili ampe asiye nayo. Watoza ushuru wasitoze zaidi ya walichoagizwa. Askari wasidhulumu wala kushitaki kwa uongo, watoshewe na mshahara wao. Hakuwaambia askari waache uaskari. Aliwagusa kwenye mwanya wa kazi yao. Kila kazi ina mwanya wake: mfanyabiashara kwenye mizani, mwalimu kwenye alama, fundi kwenye vifaa anavyosema amenunua, mtumishi wa ofisi kwenye saa anazolipwa bila kuzifanya. Ukitaka kujua toba yako ianzie wapi, anza na mwanya wa kazi yako.

Sasa kurudisha. Hesabu 5:6-7 inasema aliyekosa aungame, arudishe kamili, aongeze sehemu ya tano. Yaani kama ulichukua 100,000, rudisha 120,000. Zakayo (Luka 19:8) alikwenda mbali zaidi: mara nne, ambayo katika Kutoka 22:1 ni adhabu ya mwizi aliyechinja au kuuza kondoo wa watu. Alijihukumu kama mwizi aliyekamatwa, ilhali hakuna aliyemshitaki. Na Neema Pekee atafurahi kuona mpangilio: Yesu alijialika nyumbani kwake kwanza, kabla Zakayo hajaahidi senti. Neema ilitangulia, daftari la madeni likafuata mchana uleule.

Namna ya kufanya: chukua karatasi, andika kila jina, kiasi, na jinsi ulivyokipata. Tenganisha mkopo usiolipwa, kilichoibwa, na jina la mtu uliloharibu, maana kila kimoja kina njia yake. Mkopo unalipwa pamoja na maelezo ya kuchelewa. Kilichoibwa kinarudishwa na nyongeza, kwa maneno ya wazi: "nilichukua kiasi hiki, mwezi fulani, kwa njia hii". Jina lililoharibiwa linasafishwa mbele ya watu walewale waliosikia. Ulilosema mbele ya watu ishirini halirekebishwi kwa ujumbe wa faragha kwa mtu mmoja.

Huna uwezo? Nenda hivyohivyo, taja deni, pendekeza kiasi cha kila mwezi unachoweza kweli, na uandike. Kukimbia simu za anayekudai huku unaimba kwaya ni kosa la pili juu ya la kwanza.

Makosa ninayoyaona yakirudiwa: mtu anaungama kwa Mungu tu na kumruka aliyeumizwa. Mtu anapeleka kanisani fedha ya dhuluma kama sadaka ya shukrani, wakati mwenyewe yupo hai mtaa wa pili (Mathayo 5:23-24 inasema acha sadaka madhabahuni, kapatane kwanza). Mtu anasema "samahani kama nilikukosea", na hilo "kama" linamwachia aliyeumizwa kazi ya kuthibitisha. Kwa makosa ambayo kuyasema kunaweza kumwangukia mtu wa tatu asiye na hatia, usikurupuke. Kaa kwanza na mchungaji au padri anayejua kutunza siri.

Jambo moja zaidi, nalo linaniuma. Yakobo 5:4 inasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele, na kelele zake zimeingia masikioni mwa Bwana wa majeshi. Kumbukumbu la Torati 24:15 inataka kibarua maskini alipwe siku hiyohiyo kabla jua halijatua. Mwajiri anayetoa zaka kamili na kumchelewesha msaidizi wa nyumbani mshahara wa miezi miwili amefanya lile la Mathayo 23:23, zaka ya mnanaa, bizari na jira, huku adili na rehema vimeachwa. Vivyo hivyo Korbani ya Marko 7:9-13: kumnyima mzazi matunzo kwa kisingizio kwamba fedha imewekwa wakfu. Paulo anaita kutowatunza wa nyumbani kuikana imani (1 Timotheo 5:8).

---

Zabibu

Nakazia kwa Shemasi. Na upande wa viongozi: 2 Wakorintho 8:20-21. Paulo alipobeba changizo la watakatifu hakutaka kuwa peke yake. Aliweka ndugu wengine waaminifu katika safari, mtu asije akawalaumu, akijali yaliyo mema mbele za Bwana na mbele ya wanadamu pia. Sadaka ihesabiwe na watu wasiopungua wawili wasio wa familia moja, iandikwe hapohapo, waumini wasomewe. Kiongozi anayesema "niaminini mimi" amekataa kanuni ambayo mtume mwenyewe aliifuata.

---

Asubuhi Njema

Naomba msaada wa vitendo. Mtu ameamua kumfuata Kristo kwa dhati, hana mazoea ya sala wala ya kusoma. Aanzie wapi asichoke wiki ya pili?

---

Katekista Mstaafu

Asubuhi Njema, apunguze ukubwa, aongeze uthabiti. Wengi huanza na Mwanzo kwa ahadi ya kumaliza Biblia kwa mwaka. Ni sura 1,189, zaidi kidogo ya 3 kwa siku. Wakifika Mambo ya Walawi wanaacha, wanabaki na hatia. Aanze na Injili nne. Zina sura 89, kwa hiyo sura 3 kwa siku zinamaliza ndani ya mwezi. Aanze na Marko, ndiyo fupi, sura 16.

Mwezi wa pili akae kwenye Mathayo 5 hadi 7. Ni mistari 111, inasomeka kwa robo saa hivi. Asome yote mara moja kila wiki, na kila wiki achague amri moja tu ya kutendea kazi. Mfano 5:37, ndiyo yenu iwe ndiyo: wiki nzima asitoe ahadi asiyoweza kuitimiza, asiseme "niko njiani" akiwa bado nyumbani. Jumamosi ajikague wapi alianguka na kwa nini. Mara nyingi atakuta woga wa kumuudhi mtu ndio uliomfanya aseme uongo. Hapo amepata kitu cha kuombea chenye jina.

Sala: asubuhi, adhuhuri na jioni aseme Sala ya Bwana taratibu, akituama kwenye kila ombi. Kwenye "utupe leo riziki yetu" ataje mahitaji ya wengine, maana sala hiyo imewekwa katika wingi. Kwenye "utusamehe deni zetu" ataje kosa la siku hiyo na mtu anayemdai moyoni. Hilo ndilo ombi pekee ambalo Yesu alirudi kulifafanua mara baada ya sala (Mathayo 6:14-15). Dakika 5 kila kituo zinatosha kuanzia. Anayejilazimisha saa nzima siku ya kwanza huwa hayupo siku ya kumi.

Kufunga: aache mlo mmoja, anywe maji, siku moja kwa wiki. Mgonjwa, mjamzito, anayenyonyesha, au anayemeza dawa zinazohitaji chakula asifunge chakula. Aache kingine. Andiko la kale liitwalo Mchungaji, la Hermas, linaagiza ukadirie gharama ya chakula ulichokiacha, uitoe kwa mjane, yatima au mhitaji. Ndiyo Isaya 58 hiyo: Mungu aliikataa saumu ya watu waliofunga huku wakiwaonea wafanyakazi wao, akaitaka ile ya kumgawia mwenye njaa chakula.

Na yote matatu, sadaka, sala na saumu, Mathayo 6 inataka yafanyike sirini. Ukiona hamu ya kutangaza saumu yako inapanda, isitangaze. Hamu hiyo yenyewe ndiyo ya kufungiwa.

Mwisho, asiende peke yake. Wamethodisti wa mwanzo, chini ya John Wesley, kuanzia 1742 waligawanywa katika vikundi vya watu kama 12 chini ya kiongozi mmoja aliyemwona kila mmoja angalau mara moja kwa wiki kuuliza nafsi yake inaendeleaje. Kanuni zao za 1743 zilikuwa tatu: usidhuru, tenda mema, hudhuria njia za neema kama sala, Neno na Meza ya Bwana. Watu wawili au watatu wanaoulizana ukweli kila wiki wanatosha. Kikundi kikizidi hapo, watu huanza kuhubiriana badala ya kuungama.

---

Mkulima wa Amani

Nina swali gumu. Kusamehe saba mara sabini kumetumika kuwarudisha wanawake kwa waume wanaowapiga na kuwanyamazisha watoto walioharibiwa. Mfuasi wa kweli afanyeje hapo?

---

Mizani ya Neno

Swali hili linastahili jibu refu. Nitajitahidi.

Mathayo 18:23-35 ina hesabu ndani yake. Mtumwa alisamehewa talanta 10,000. Talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000, na dinari ni ujira wa siku moja wa kibarua (Mathayo 20:2). Ni ujira wa siku milioni 60. Yeye akamkaba mwenzake kwa dinari 100, kama miezi mitatu ya kazi. Angalia kwamba dinari 100 si kitu kidogo. Yesu hasemi umekosewa kidogo. Anasema deni ulilofutiwa wewe halilinganishwi.

Kusamehe basi ni kufuta dai la kisasi na kumwachia Mungu hukumu (Warumi 12:19). Huwezi kufuta usilolitaja, kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuliita kosa kwa jina lake: alinipiga, aliniibia, alinizushia. Hatua inayofuata ni kuacha kulipiza, kwa ulimi na kwa vitendo. Kisha kumwombea aliyekukosea (Mathayo 5:44), hata kama moyo bado umekunjamana. Hisia huja nyuma, pengine kwa miaka.

Kupatana ni kitu kingine, kinahitaji wawili. Warumi 12:18 inasema kama yamkini, kwa upande wenu, mkae katika amani na watu wote, na maneno hayo yanakubali kwamba wakati mwingine haiwezekani. Luka 17:3 imeweka pamoja mkemee, na akitubu msamehe. Yusufu aliwahifadhi ndugu zake na njaa, akawajazia nafaka na kuwarudishia fedha, lakini hakujifunua siku ya kwanza. Mwanzo 42 hadi 44 anawajaribu, mpaka Yuda, aliyetoa wazo la kumwuza, anajitoa awe mtumwa badala ya Benyamini. Hapo ndipo alipoona wamebadilika, akalia. Kuaminiana kunajengwa upya kwa ushahidi na muda.

Kwa hiyo mke anayepigwa anaweza kusamehe akiwa mahali salama, mbali na ngumi. Kumwondoa hatarini ni kazi ya kanisa, na shinikizo lote la mabadiliko limwelekee anayepiga. Mtoto aliyeharibiwa: jambo linakwenda kwa mamlaka mara moja. Warumi 13:4 inaiita mamlaka mtumishi wa Mungu kwa ajili ya hayo. Hatua za Mathayo 18:15-17, yaani wewe na yeye peke yenu, kisha mmoja au wawili, kisha kanisa, zimewekwa ili kumpata ndugu aliyekosa. Kuzitumia kumlazimisha mtoto au mke akae chumba kimoja na aliyemuumiza ni kuzigeuza silaha. Na mzee wa kanisa akishitakiwa, mashahidi wawili au watatu wanatakiwa, lakini likithibitika anakemewa mbele ya wote (1 Timotheo 5:19-20). Kuhamishwa kimyakimya kwenda usharika mwingine hakumo katika andiko hilo.

---

Mlinzi wa Zizi

Naongezea kuhusu kumtambua mwalimu, maana mfuasi wa kweli hujifunza kwa mtu. Didake sura ya 11 ina vipimo vikali: mtume msafiri akae siku moja, na ya pili ikibidi. Akikaa tatu ni nabii wa uongo. Akiondoka achukue mkate wa kumfikisha atakapolala. Akiomba fedha ni wa uongo. Anayesema "katika Roho" nipeni fedha asisikilizwe, isipokuwa anaomba kwa ajili ya wahitaji wengine, hapo asihukumiwe. Na nabii anayefundisha kweli asiitende ni wa uongo.

Kumbukumbu la Torati 13:1-3 inakwenda ndani zaidi: hata ishara ikitimia, kama anakuvuta umwache Bwana, usimsikilize. Watu wengi wamefungwa hapa. "Lakini alinitajia namba ya simu yangu." Sawa, na baada ya hapo alikuelekeza kwa nani? Ukikuta kila ushuhuda unamalizikia kwa mtumishi, picha yake, mafuta yake na maji yake, jibu unalo. Waberoya walimpima hata Paulo kwa maandiko kila siku (Matendo 17:11), nao wakaitwa waungwana kwa hilo. Mwalimu anayekasirika kupimwa, ondoka kwake.

---

Neema Pekee

Nimefuatilia, na nakubali zaidi kuliko nilivyoanza. Kilichobaki ni hiki: aliyeanguka vibaya baada ya kuamini, je, alikuwa wa uongo tangu mwanzo?

---

Katekista Mstaafu

Kanisa lilipasuka juu ya swali hilo. Kaisari Decius aliagiza kati ya 249 na 250 kila mtu atoe dhabihu kwa miungu na apewe hati. Hati hizo za mafunjo zimepatikana Misri, zaidi ya 40. Wakristo wengi walianguka, kwa namna tofauti: wengine walitoa dhabihu, wengine walifukiza uvumba tu, wengine walihonga wakapata hati bila kutoa chochote. Baadaye walitaka kurudi. Wapo waliotaka wapokelewe siku hiyohiyo kwa barua za waungamaji, yaani waliokataa kumkana Kristo wakafungwa gerezani. Novatian huko Roma alisema wasirudishwe katika ushirika kamwe. Cyprian, askofu wa Carthage, na sinodi (mkutano wa maaskofu) ya 251 walishika njia ya kati: kila kisa kiangaliwe, walionunua hati warudishwe baada ya toba, waliotoa dhabihu wakae katika toba ndefu na wapokelewe wanapokaribia kufa. Mateso mapya yalipokaribia, waliokuwa wakitubu kwa uaminifu wakarudishwa wote, wapate nguvu ya kusimama.

Hekima yake ni kwamba hawakulifanya anguko kuwa dogo, na hawakumfungia mtu mlango. Petro alikana mara tatu na akaulizwa mara tatu kama anampenda Bwana (Yohana 21:15-17), kisha akapewa kondoo wa kulisha. Yuda naye alijuta, hata akarudisha vipande 30 vya fedha (Mathayo 27:3-5), lakini aliwaendea makuhani, hakumwendea Yesu.

Kuhusu kung'oa magugu, Mathayo 13:28-30: watumwa walikatazwa, wasije wakang'oa na ngano. Mavuno ni ya malaika. Nidhamu ya kanisa ipo, ila kutangaza nani ni wa uongo moyoni hatukupewa.

---

Asubuhi Njema

Asanteni sana. La mwisho kwa Shemasi: uliyemdhulumu akiwa ameshafariki?

---

Shemasi wa Hesabu

Hesabu 5:8 imeliona hilo. Kinakwenda kwa jamaa yake wa karibu. Kama hana jamaa, kinakuwa cha Bwana, anapewa kuhani. Kwa hiyo tafuta warithi kwanza: mjane au mgane, watoto, kisha ndugu. Waeleze ni cha nini, pamoja na ile sehemu ya tano, na kama ni kiasi kikubwa andikishianeni mbele ya shahidi ili warithi wasije wakagombana. Usimpe ndugu mmoja uliyemzoea akagawe yeye. Ukitafuta kwa bidii usipate mtu, ndipo upeleke kanisani, na ukiweza uombe kielekezwe kwa wahitaji. Fedha hiyo usiiandike kwenye bahasha ya zaka, maana haikuwa yako.